Ukurasa Niliouruka kwa Kikohozi

Marahaba, marahaba. Kaeni. Aliyekosa kiti akalie ndoo, mimi nilisomea ukunga nimekaa juu ya sanduku la sabuni na sikufa. Nimewasikia mlivyoingia, sauti moja, "Shikamoo mama." Nimeitikia kwa sababu nimelelewa, lakini hilo la "mama" lina kasoro, tutalirudia kabla hamjatoka.

Mwalimu wenu kaniomba nije niseme habari ya kusoma kwa vikundi, maana anadai hamkupendi. Anasema mkipewa kazi ya kikundi mmoja anafanya, wawili wananakili, na wa nne anatafutwa mpaka leo. Anasema pia humu ndani mmechanganywa, wasichana mliotoka shule juzi na watu wazima waliokuja kusoma wakiwa na wajukuu. Nyie mnawakimbia kwa kuwa wanaandika polepole, wao wanawakimbia nyie kwa kuwa mna midomo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hayo tuliyafanya sisi hapa hapa Tanga, Mwingereza bado yupo, na tuliyafanya vibaya kuliko nyie.

Tulikuwa kumi na wawili katika kliniki moja ndogo ya wazazi. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu nitasema mambo. Sita tulikuwa wasichana wa shule, kalamu sikioni, tunajiona dunia tumeimaliza. Sita walikuwa watu wazima: wajane, walioachika, na wakunga wa vijijini waliokwisha kupokea watoto wasiohesabika. Mwalimu wetu alikuwa Sista wa Kiingereza tuliyempa jina la Sista Kengele, maana alikuwa na kengele ya mkono na aliipiga kwa kila jambo: kuanza, kuacha, kula, na kukasirika. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni. Kilikuwa sahihi kuliko chetu na hakikuwa na chumvi hata chembe.

Wiki ya kwanza tulijigawa wenyewe. Wasichana mbele, watu wazima nyuma karibu na mlango, wapate kutoka kutema tambuu. Sista akatutazama, akapiga kengele, akasema hivi havifai. Akatupanga watatu watatu, kila kikundi kimechanganywa, kisha akatoa sheria yake. Mwisho wa mafunzo atakuja daktari kutoka nje. Atachagua mtu mmoja katika kila kikundi, yeyote atakayemtaka, na jibu la huyo ndilo jibu la wote. Akishindwa mmoja, mnarudi kwenu watatu. Wasichana wawili walilia palepale, na mtu mzima mmoja akauliza kama kuna dua inayofaa.

Kikundi changu kilikuwa na Elizabeti, Msambaa wa milimani, Mlutheri, msichana mrefu anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Bahari aliiogopa hata njia inayoionyesha alikuwa haipiti, na kuishi Tanga bila kuona bahari ni kazi. Wa pili mimi, Zuhura wa Ngamiani, na mdomo wangu ulikuwa hivi hivi mnavyousikia. Wa tatu alikuwa Bi Mwanakombo wa Tongoni.

Huyo alikuwa na miaka arobaini na kitu, na hicho kitu hakikutajwa. Hina haikumtoka mikononi, wanja haukumtoka machoni, na ndani ya ushungi daima kulikuwa na asumini. Herufi zetu za shule alikuwa hazijui, lakini za Kiarabu alizijua barabara, na kwa hizo aliandika Kiswahili chake mbio mbio kwenye daftari, kutoka kulia kwenda kushoto. Sista akaandika katika kitabu chake cha majina kwamba hajui kusoma. Bi Mwanakombo alipoambiwa yaliyoandikwa akauliza kama Sista anajua kusoma hili daftari, na Sista akasema hajui. "Basi tuko sawa," akasema, akaenda kukaa.

Siku hiyo ya kwanza Sista alitaka kila mtu aseme kwa nini amekuja. Sisi wasichana tulisema tumekuja kusaidia watu wetu, sentensi tuliyoipata shuleni, tukairudia sisi sita kama tumekaririshwa. Bi Mwanakombo akasimama akasema yeye alikuwa na binti mmoja, Mize. Mize alijifungua salama, mikononi mwa mama yake mwenyewe. Kisha damu ikaanza kumtoka na haikukatika. Alifanya yote aliyofundishwa na marehemu mama yake, na kabla kahawa ya asubuhi haijapoa Mize hayupo. Habari ya mtoto hakuitaja, na sisi hatukuuliza.

"Nimekuja kuuliza kosa langu lilikuwa wapi," akasema. "Nikishajibiwa hilo, mengine yote mtakayonifundisha nitayapokea kama sadaka."

Akakaa. Sista hakupiga kengele. Kwa hiyo asije mtu akasema hatukujua. Darasa zima lilijua yule mama amekuja kutafuta nini, na mimi nilikaa naye bega kwa bega, nikajua kuliko wote, na bado nikafanya nilichokifanya.

Ngojeni kwanza niwape la kucheka, maana naona nyuso zimeanza kukunjana. Sista alitufundisha kwamba kila kitu kitakachomgusa mgonjwa kichemshwe maji ya kutokota dakika ishirini. Kila kitu, akasema. Zamu ya kuchemsha ikawa yangu. Nikatia mikasi, nikatia koleo, nikatia mabakuli, nikatazama kabatini nikaona vipimajoto vyote vya kliniki vimelala kwenye pamba yao. Nikasema moyoni, hivi navyo si vinaingia vinywani mwa watu? Nikavitia. Nikaenda zangu kusuka nywele barazani. Nikasikia pu, pu, pu, nikadhani Elizabeti anakaanga mahindi. Tulipofunua sufuria zebaki ilikuwa inakimbia chini kwa vidonge vidogo, Elizabeti anaifukuza na kijiko, mabega yanamtikisika. Sista alikuja, akachungulia, akapiga kengele mpaka mkono ukachoka.

Adhabu ilikuwa ya kikundi, kama sheria ilivyosema. Wiki tatu tulifua mashuka ya kliniki nzima, na Bi Mwanakombo na hina yake akafua kwa ajili ya ujinga wangu. Hakunisema hata neno. Alichofanya ni kunifundisha, tukiwa kwenye karo, namna ya kumpima mtoto homa bila kioo cha kipimajoto. Weka mgongo wa mkono kisogoni, chini kabisa penye nywele laini. Usiweke kwenye paji la uso, paji linadanganya, limepigwa na upepo. Na mkono wako uwe umekauka, uwe hujatoka kushika kitu cha moto wala cha baridi. Mpaka vipimajoto vipya vilipofika kutoka Dar es Salaam, kliniki nzima ilienda kwa mgongo wa mkono wa Bi Mwanakombo. Vilipofika Sista alimpima mtoto mmoja baada ya mwingine kwa kioo, kisha akamwita Bi Mwanakombo apime kwa mkono bila kumwambia kioo kimesema nini. Alifanya hivyo asubuhi nzima, halafu akaacha, na habari hiyo hakuizungumza tena.

Sasa tuje kwenye kitabu. Kila kikundi kilipewa kimoja, cha Kiswahili, kilichoandikwa na watu wasiojua haya. Kila kiungo kilitajwa kwa jina lake kana kwamba kinaitwa chakulani. Tulikisoma baada ya sala ya alasiri, kwenye mkeka, baraza ya nyuma. Mimi nasoma kwa sauti, Elizabeti anaeleza picha, Bi Mwanakombo anarudia na kuandika.

Nyie hamtaelewa, siku hizi mnayataja hayo sokoni mkichagua nyanya. Lakini Bi Mwanakombo alikuwa hirimu ya mama yangu mzazi, na nilimwita mama. Mbele ya mama, mwili wa mtu unaishia kiunoni. Chini ya hapo hakuna kitu, kuna kanga. Tena mimi sijaolewa, hayo nayajulia wapi? Nilikuwa naona kabisa siku watakapokutana arusini, mmoja ananyanyua kikombe anasema binti yako alinisomea kadha wa kadha, na mama yangu inambidi azimie kwa heshima ya ukoo.

Basi nikifika kwenye neno zito, nilikohoa nikaruka. Mwanzo ilikuwa kikohozi kimoja neno moja. Baadaye kikohozi kimoja mstari mzima. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nakohoa aya nzima nzima bila hata kuona haya ya kukohoa. Elizabeti alijua, naye akiachiwa zamu ya kusoma alisema "kile kiungo" na "pale mahali" mpaka usijue anaeleza mtu au ramani. Sista ndiye hakujua. Alinisikia nikikohoa kila alasiri akaingiwa na hofu ya kifua kikuu, akaniweka kitandani akanisikiliza mgongo kwa chombo chake robo saa. Akasema mapafu yangu ni mazima sana. Nikamshukuru.

Na Bi Mwanakombo naye alikuwa na kikohozi cha namna yake. Elizabeti akimuuliza anamgeuzaje mtoto aliyekaa vibaya, alitutazama mmoja mmoja akauliza kama tumeshazaa. Hatujazaa. Basi anajifunga kanga upya anasema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi bado wari. Yaani kitabu nilikuwa nacho mimi nikakifunga, mikono alikuwa nayo yeye akaificha, na wote watatu tunaitana kikundi.

Elizabeti ndiye aliyepata wazo. Akaniambia kwao milimani mama haambiwi kitu, lakini bibi anaambiwa yote, kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani. Nikamwambia hata kwetu pwani ni hivyo hivyo. Bibi yangu mzaa mama nilimwita mke mwenzangu, na niliyomwambia yule siwezi kuuambia ukuta. Kwa hiyo, Elizabeti akasema, dawa ni kumhamisha Bi Mwanakombo kutoka umama kwenda ubibi. Tukaona tumemaliza.

Kesho yake, hana hili wala lile, Elizabeti akaketi kwenye mkeka akasema, "Shikamoo bibi."

Kalamu ya Bi Mwanakombo ikasimama. Hakupandisha sauti. Alisema yeye si bibi ya mtu, na atakayerudia neno hilo aende akatafute mtu wa tatu wa kikundi chake katika punda wa Ngamiani. Akakunja mkeka, nasi tukiwa bado nusu juu yake, akaondoka. Kesho yake alikuja na hina mpya na asumini mara mbili ya kawaida. Mimi na Elizabeti tukafinyana. Tukasema huyu mama anaogopa uzee huyu, mvi zinamkosesha usingizi. Tulicheka siku mbili. Nikikumbuka kicheko kile hadi leo najiona mwehu.

Baada ya ugomvi huo tukawa na adabu maradufu, na ndipo tukafika kwenye ukurasa wenyewe. Juu umeandikwa kwa herufi nene: Kutoka Damu Baada ya Kuzaa. Nikasoma kichwa hicho kwa sauti. Bi Mwanakombo akaacha kila kitu. Akakiandika, akasogea mpaka goti lake likagusa langu, akaweka kalamu tayari kwenye mstari.

Nikatazama chini nikasoma kimya kimya. Kitabu kilianza na mfuko wa uzazi. Kikasema mkono uwekwe wapi, kisha kikasema kinachotoka, na kinatokea wapi, na hakikuacha kitu. Nikamtazama tena yule mama. Nikaona huyu si mama tu, ni mama aliyefiwa na binti yake kwa jambo hili hili, na mimi kitoto cha Ngamiani nitakaa hapa nimtajie mwili wa marehemu kipande kwa kipande. Nikakohoa. Nikafunua kurasa mbili pamoja, nikaendelea na kumwogesha mtoto mchanga: maji yawe ya uvuguvugu, kichwa kitangulie.

Hakuandika. Akasubiri nifike mwisho, akauliza, "Ndiyo yote waliyosema juu ya damu?"

"Ndiyo yote, mama."

Akaangalia daftari lake. Kile kichwa cha maneno peke yake, na chini yake hakuna kitu.

"Basi hata wao hawajui," akasema, akafungua ukurasa mpya, akaandika habari ya maji ya uvuguvugu.

Elizabeti alinitazama tu. Alfajiri niliamka nikausoma ule ukurasa peke yangu, na siku ya pili, na ya tatu, mpaka nikawa naujua kwa moyo kama Fatiha. Kila siku nikasema leo nitamwambia. Kila siku akiketi kwenye mkeka, kikohozi kinatangulia.

Ikabaki wiki moja daktari aje. Asubuhi moja, saa tatu hivi, tulikuwa zamu wodini sisi watatu na Sista. Mama mmoja kutoka Moa, aliyekuja mjini kwa dada yake ajifungulie huku, alizaa mtoto wa kiume bila taabu. Kondo la nyuma likatoka. Sista akaitwa mbio chumba cha pili kwa mzazi aliyekwama, akatuachia yule wa Moa tumsafishe na tumwangalie. Kwa haraka ile aliacha hata kengele yake juu ya kabati.

Bi Mwanakombo alikuwa anabadilisha shuka. Akalivuta, akasimama. Damu ilikuwa inakuja, haitiririki kwa kishindo, inakuja tu, kimya kimya, na haikomi. Yule mama wa Moa akasema anaona baridi. Nilitazama mikono ya Bi Mwanakombo. Mikono ile sikupata kuiona imetulia hata siku moja, hata akisali utaona kidole kinahesabu. Sasa ilikuwa imeganda juu ya shuka.

"Ni hivi hivi," akasema. "Mize ilikuwa hivi hivi."

Elizabeti akanyakua kengele akatoka mbio ukumbini anaipiga, msichana wa watu, kengele ambayo hatukuwahi hata kuifuta vumbi. Sauti ya Sista ikatoka chumba cha pili: mikono yake imekamatika, hawezi kuja bado, tuanze. Tuanze nini? Bi Mwanakombo akanigeukia.

"Zuhura. Kitabu kinasemaje?"

"Mama," nikasema. Wallahi, damu iko mbele yangu, na haya ndiyo iliyonishika shingo. Kikohozi kikaja.

"Usinikoholee," akasema. "Mimi si mama yako. Mimi bibi yako. Sema."

Nikasema. Nikamwambia bibi, weka mkono chini ya kitovu, bonyeza, tafuta mfuko wa uzazi, ni laini, umelegea, ndiyo maana damu inatoka. Usugue kwa kuzungusha, usiogope, usugue mpaka ukaze. Nikataja kila kitu kwa jina lake, yale ya kiunoni na ya chini ya kiuno, kwa sauti ya mwuza samaki. Mwanamke wa kitanda cha pili akajifunika shuka gubigubi. Elizabeti alikuwa amerudi, nikamwambia amweke mtoto kwenye ziwa anyonye, kunyonya kunaufanya mfuko ukaze. Nikamwambia bibi kibofu kikijaa mfuko haukazi, tukasukuma beseni chini ya mzazi, akakojoa. Bi Mwanakombo mikono imeshaamka, anasugua, ananiuliza ukikaza unakuwaje. Nikasema kitabu hakikueleza vizuri, kimesema mgumu kama mpira.

Likatoka pande la damu. Akatulia, kichwa kaelekeza pembeni anasikiliza kwa vidole. Kisha akasema, si mpira, ni chungwa bichi la Muheza. Damu ikapungua, ikawa matone. Sista alipoingia na sindano mkononi alishika lile tumbo, akautazama mkono wa Bi Mwanakombo uliokuwa bado juu yake, akamwambia usiuondoe. Akamchoma mzazi sindano. Akatandaza kondo la nyuma kwenye beseni akalikagua pande zote, halikupungua kipande. Hilo nanyi mlifanye kila mara, kila mara, hata kama mna njaa na zamu imekwisha. Yule mama wa Moa aliondoka baada ya wiki na mwanawe, amenona.

Sisi tukaenda bombani kunawa. Bi Mwanakombo akanawa, akapaka sabuni tena, akanawa tena. Bila kunitazama akauliza kama ule ukurasa nilikuwa naujua tangu siku ile ya mkekani. Nikasema tangu siku ile. Niliona haya. Akaendelea kusugua sabuni kati ya vidole.

"Ningemfanyia Mize hivi, angepona?"

Mungu shahidi wangu, nilitaka kukohoa. Nilikuwa na majibu ya heshima kama kumi. Ningeweza kusema siku zake zilikuwa zimefika, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Huenda angepona, bibi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa mzigo wake aliokuwa ameuacha mahali. Akasema afadhali ajue. Kisha akatueleza lile ambalo hakulisema siku ya kwanza. Mtoto wa Mize aliishi mpaka adhuhuri.

"Asubuhi moja nilikuwa bibi," akasema. "Jua lilipopinduka nilikuwa sina wa kuniita. Nyie mkadhani naogopa mvi."

Tulilia wote watatu pale bombani, Elizabeti kwa mabega yake, mimi kwa sauti mbaya. Tulilia mpaka tukasikia kengele. Sista alikuwa amesimama mlangoni, anaipiga, kwa sababu maji yalikuwa yanapotea.

Wiki iliyobaki tulikirudia kitabu chote tangu jalada, bila kikohozi hata kimoja. Na Bi Mwanakombo akafungua upande wake. Alitufundisha kumgeuza mtoto kwa nje kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu na subira. Alitufundisha kukaa nyuma ya mzazi anayeogopa, mgongo wake uegemee kifua chako, apumue unavyopumua wewe. Alituita wake wenza, akamwuliza Elizabeti mchumba wake wa milimani ana nini cha maana ukiacha viazi. Naye pia alibanwa. Kitabu kilisema kitovu cha mtoto kisipakwe masizi wala majivu, na yeye alipaka miaka yote. Tulibishana alasiri nzima, anatutukana kwa utani wa bibi, kisha akaliandika kwenye daftari, akalipigia mstari chini mara mbili. Niliona ilimuuma, na alilipigia mstari vilevile.

Daktari akaja, Mzungu, na karani wa kumtafsiria, kijana wa mjini mwenye tai. Alipofika kwetu akapitisha kidole kwenye kitabu cha majina, akakuta pale palipoandikwa hajui kusoma, akamchagua huyo huyo. Elizabeti akanishika mkono. Swali: mzazi anatokwa na damu baada ya kujifungua, utafanya nini?

Bi Mwanakombo akamtazama karani akamwuliza, "Mwanangu, wewe unaniita nani?"

"Mama," akasema karani.

"Basi hutaweza," akamwambia, na akaanza.

Sentensi ya kwanza karani aliitafsiri. Ya pili akakohoa. Ya tatu akatazama dari, shingo imekuwa nyekundu, na mtu mweusi yule. Ya nne akaomba ruhusa atoke nje, na Sista akamalizia tafsiri mwenyewe, amenyooka, hakuruka neno. Daktari aliandika mpaka akageuza karatasi. Tulifaulu watatu, na yule karani nikimpita barabara ya kumi na mbili alikuwa anavuka upande wa pili.

Bi Mwanakombo akarudi Tongoni na cheti chake. Miaka mingi baadaye nilitumwa huko kukagua kazi, nikamkuta kwenye chumba cha zahanati na wanawake wanane, wasichana na watu wazima wamechanganywa. Mlangoni palikuwa na sharti moja: kila anayeingia aseme shikamoo bibi, asiyetaka abaki nje na haya yake. Alipofariki wanafunzi wake wakaniletea daftari, maana walijua mimi ndiye niliyemsomea yaliyoandikwa humo.

Hili hapa. Lipitisheni, mikono iwe safi. Hamjui kuzisoma herufi hizi, lakini macho mnayo. Tazameni huu ukurasa niliouwekea uzi. Juu kuna kichwa cha maneno, wino mweusi: kutoka damu baada ya kuzaa. Chini yake, mpaka mwisho wa karatasi, ni wino wa buluu, ule aliokuwa nao wiki ya mwisho. Habari ya kuogesha mtoto ameianza ukurasa unaofuata. Nilimwambia ndiyo yote, na yeye akaacha nafasi. Miezi ile yote nafasi ilikuwa inaningoja mimi.

Basi. Mmeingia hapa mkaniita mama, na mama hufichwa mambo. Tokeni nje wote, na mwalimu wenu pamoja, muingie upya mniamkie inavyopasa. Na yule binti wa dirishani aliyekohoa nilipotaja kibofu, akirudi aje akae hapa mbele, karibu na goti langu.